Mkate Tulioumega Mpakani

Mkesha wa Krismasi mtaani Chanji, Sumbawanga, ulikuwa wa Mama Hanna. Alikuwa Mpolandi, mke wa fundi wa mitambo. Kwao jioni hiyo nyama ni mwiko, kwa hiyo mama yake rafiki yangu Pius, jirani yetu, alipeleka samaki, migebuka ya ziwani Kirando. Nyota ya kwanza ilipochomoza, kila mtu alishika kipande cha mkate mwembamba, akamega cha mwenzake na kumtakia heri. Mtaa mzima uliingia. Tulimegeana hata na wale tuliogombana nao kwenye shamba la ujamaa.

Mwaka uliofuata mimi na Pius tulikuwa askari, vitani mpakani Kagera. Jioni ya mkesha nikamtania, "Na wenzetu wa handaki la pili, nani atamega nao?"

Pius akatoa biskuti ya jeshi, ngumu kama tofali. "Mimi."

"Hapa si kanisani," sajini alimkaripia.

"Ni hatua ishirini tu, afande."

Tukamega. Alinitakia nirudi salama kwa mama yangu. Kisha akatambaa kuelekea handaki la pili.

Kombora lilianguka.

Vumbi lilipotua alikuwa amelala kati ya mahandaki mawili. Hakufika.

Nilirudi Sumbawanga na goti bovu, nikaenda moja kwa moja kwa mama yake. Nilimwogopa kuliko nilivyoiogopa mizinga. Nilimweleza yote, pamoja na ule utani wangu.

Akaniuliza, "Kwa hiyo wale wa handaki la pili hawakupata?"

"Hawakupata, mama."

"Walio hai waandikie. Waje Krismasi, hapa kwangu."

Mama Hanna na mumewe walikuwa wamesharudi kwao. Majirani walisema nyumba ya msiba haifanyi sherehe. Mama yake Pius alioka mkate mwenyewe.

Walikuja wanne. Alimega na kila mmoja wao, kisha akanigeukia. Alininyooshea kipande chake.

"Uzeeke, mwanangu," akasema. "Uzeeke kwa ajili ya Pius pia."

Nimezeeka. Bado namlilia, na hakuna mkate unaoziba pengo lake. Wapo wanaodai sherehe ya kigeni ndiyo iliyomuua. Waongo hao. Aliuawa na kombora. Mkesha tunaufanya kila mwaka, mlango wazi, na asiyependa naye aje amege.