Jodari Waliokua kwa Amri

Gatini wote walimwita Mama Kibao, kwa sababu ya kibao chake cha kupimia samaki, chenye kizuizi upande mmoja na alama za sentimita zilizofifia kwa kusuguliwa. Miaka kumi na tisa alikiinamia. Alianza kama mwosha sakafu wa chumba cha barafu, akajifunza kupima kwa kuchungulia, na sasa waliosomea kazi hiyo walikuwa wakimwuliza yeye, kisha wakijifanya walijua tangu zamani.

Samaki aliyemjua kuliko wote ni yule jodari mwenye mapezi marefu ya ubavuni, marefu hata ukadhani kayaazima kwa ndege. Nyama yake nyeupe hugombaniwa na viwanda. Lakini hana haraka ya maisha: hupita kama miaka mitano kabla hajazaa. Akiwa mdogo hucheza juu juu, ndoana yoyote humpata. Akikomaa huzama kilindini. Basi pale gatini kanuni ilikuwa moja: wastani wa shehena ukiwa chini ya sentimita themanini na tano, eneo walikovuliwa linafungwa miezi mitatu.

Siku moja ikatia nanga meli ya nahodha aliyekuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mama Kibao akapima wa kwanza. Sabini na nane. Sabini na saba. Sabini na tisa.

"Shemeji," akasema nahodha kwa sauti ya asali, "hebu wapime vizuri."

"Nikiwapima vizuri zaidi watapungua."

Nahodha akamwita mkuu wa ofisi ya uvuvi. Akaja na viatu vya kung'aa, akikanyaga kama paka anayevuka dimbwi. Samaki pekee aliowahi kuwagusa bwana huyu ni wale waliomfikia wakiwa kwenye sahani.

"Mama, unapima mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye panda ya mkia, bosi, hapa unapogawanyika. Ncha hukatika, panda haikatiki."

"Kwani ncha si ya samaki? Ni ya kwako?"

Akacheka mwenyewe, na wapakuzi wakacheka naye, maana kicheko cha mkubwa hakiachwi peke yake.

"Na midomo iachwe wazi," mkuu akaongeza, akiona mambo yanamwendea.

"Wazi? Ili watutajie umri wao?"

Safari hii wapakuzi walicheka bila kulazimishwa. Mkuu akavimba shingo. "Fanya nilivyosema, utie saini. Hutaki, kesho uko stoo unapanga makopo."

Nahodha akamvuta kando. "Shemeji, utatulaza gatini miezi mitatu?"

"Hao watoto ukiwamaliza leo, mwaka kesho utavua nini? Mawimbi?"

Stoo haina dirisha. Mama Kibao aliijua, na moyo ulimwuma. Lakini alikifuta kibao kwa upindo wa kanga, akamkabidhi mkuu kama anayemkabidhi mlevi mtoto mchanga. "Pima mwenyewe, bosi. Na saini iwe yako."

Mkuu akapima. Midomo ikatanuliwa kwa vijiti, mikia ikanyooshwa mpaka ncha ya mwisho. Themanini na sita! Themanini na saba! Kwa robo saa samaki wale walikua kuliko walivyokua mwaka mzima baharini. Kwenye safu ya uzito ya fomu, karani wa mizani akaandika kile alichokiona: kilo kumi, kumi na nusu. Mkuu hakuiangalia, uzito haukuwa umetajwa kwenye kanuni.

Wiki mbili baadaye, Mama Kibao akiwa tayari stoo, ikaja barua ya wataalamu wa makao makuu. Jodari wa urefu huo, waliandika kwa adabu, huwa na karibu kilo kumi na nne. Hawa wamepatwa na ugonjwa gani? Tafadhali eleza dalili.

Mkuu akateremka stoo mwenyewe, barua mkononi, viatu vimejaa vumbi la stoo.

"Mama yangu," akaanza. Leo amekuwa mama yake! "Wewe unawajua samaki hawa. Tuwaandikie ugonjwa gani?"

Mama Kibao hakugeuka. Akapandisha kopo jingine juu ya rafu.

"Aliyewapima ndiye awatibu, bosi."

Mkuu akajibu kwamba samaki walikonda kwa uchovu wa safari. Wataalamu wakaja na kibao chao, wakafungua chumba cha barafu walimokuwa bado samaki wale, wakafumba midomo iliyoachwa wazi, wakapima mpaka kwenye panda ya mkia. Jioni ile ile eneo likafungwa, na stoo ikapata mpanga makopo mpya, mwenye shahada na viatu vya kung'aa.