Kitambaa cha Mama Mdogo

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, kichwa huniwasha hata leo. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi nje kidogo ya Bariadi, na utosini nilikuwa na kipara kikubwa kama kitumbua. Watoto wenzangu waliniita Mzee, wakaniamkia shikamoo. Bibi, mama yake baba, alisema ni mapunye, akawa ananipaka mafuta ya taa kila asubuhi. Kipara kikazidi kukua.

Aliyenilea ni mama mdogo, mke ambaye baba alimwoa baada ya mama yangu kufariki. Sasa niwaambie ukweli: nilijua nywele zilikokwenda. Nikimkumbuka mama, mkono ulipanda wenyewe utosini, nikang'oa unywele mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayechambua pamba. Nilipata nafuu kidogo. Niliona haya kusema.

Msimu wa kuchuma pamba, bibi alikuta kitambaa chenye fundo chini ya godoro la mama mdogo. Ndani mlikuwa na nywele zangu. Kwetu nywele za mtu hazitunzwi, hufukiwa au huchomwa, na anayezificha hudhaniwa ana lake jambo.

"Umemmaliza mama yake, sasa unammaliza mtoto!" bibi alipiga kelele.

Mama mdogo alipiga magoti, akamwita mama kwa Kisukuma. "Hapana, mayu. Nazikusanya nimpelekee daktari azione."

Majirani walikwishajaa uani, wakisema lisemwalo lipo. Mama mdogo alinitazama. Nilitazama chini. Siku hiyohiyo baba alimrudisha kwao Migato.

Nilizing'oa zaidi baada ya hapo, mpaka baba akanipeleka zahanati. Daktari aligusa ngozi, akaona ni safi, haina magamba. Akatazama nywele zilizokatika, nyingine fupi nyingine ndefu, kisha akaniuliza kwa upole mikono yangu hufanya nini nikiwa peke yangu. Nililia mpaka nikakosa pumzi.

"Si mapunye, wala hajarogwa," alimwambia baba. "Ana majonzi, anazing'oa mwenyewe. Mngeziokota mkaniletea, ningejua mapema."

Baba alikwenda Migato mara mbili, akarudi peke yake. Wazee wa kule walisema binti yao harudi alikoitwa mchawi.

Nywele zangu ziliota zote. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba anayeokota nywele mkekani kila asubuhi hakosi kuuona mkono unaozing'oa. Mama mdogo alijua. Siku ile uani alingoja niseme mwenyewe, na niliponyamaza, hakunitaja.