Ndugu wa Tumbo, Ndugu wa Meza

Katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, mtu akifariki watu walimwita Mama Émérence kabla ya kumwita seremala. Si kwamba alijua kulia kuliko wengine. Alijua nani apelekewe habari. Angesimama mlangoni, kitenge kimekazwa kiunoni, aseme kwamba marehemu ana shangazi Kambove, na mume wa huyo shangazi ana mtoto wa mke wa kwanza anayekaa nyuma ya posta, basi atumwe mtu huko haraka. Na ikawa hivyo hivyo. Ujuzi huo aliupata kwa bibi yake aliyemlea, mwanamke ambaye hakuweza kuchambua maharage bila kumtaja mtu mmoja wa ukoo kwa kila kijiwe alichokitupa.

Walikuwa watu wa kanisa la Garenganze, wale ambao wazee wao waliamini siku za wamisionari wa kwanza kule Bunkeya, kabla reli haijafika na kabla Likasi haijawa mji. Kanisani kwao hakuna padri wala askofu. Kila Jumapili huketi kuizunguka meza, humega mkate, na huitana ndugu. Majirani Wakatoliki waliwatania: kama nyinyi wote ni ndugu, mtaoana na nani? Mama Émérence aliucheka utani huo tangu utoto wake, mpaka mwaka 1995 ulipomgeukia.

Mwaka huo mji ulikuwa umelegea kama kamba iliyolowa. Karakana nyingi zilikuwa kimya. Mumewe, Papa Damas, fundi wa mitambo, alikwenda kazini asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana kwa sababu hapakuwa na mtambo wa kutengeneza, kisha akachukua jembe akaenda kupambana na mahindi. Mama Émérence aliuza samaki wa kukaushwa kutoka ziwa la Mwadingusha. Hata hivyo watu waliendelea kupendana, na binti yake wa mwisho, Sephora, alipendana na Gauthier, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole ambaye naye alizaliwa na kulelewa katika kanisa hilo hilo. Jamaa wa pande zote mbili walifurahi. Siku ya kujuana ikapangwa, samaki wakapikwa, bukari, ugali wa kwao, ikasongwa hadi ikameremeta.

Baba yake Gauthier alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye neno upande wao alikuwa dada mkubwa wa marehemu, Tantine Clémentine. Alikula taratibu, akanawa mikono, kisha akamwuliza Mama Émérence:

"Nkambo yenu, si ni ule Yowani wa Koni?"

"Ni yeye. Ni baba ya bibi yangu."

"Na nkambo yetu ni Petelo Kabamba. Minye nilikuwa nasikia kwa baba: Yowani na Petelo ni ndugu. Basi hawa batoto ni damu moja. Tutaozesha damu na damu?"

Gauthier aliendelea kumega bukari bila kuitia mdomoni. Sephora aliweka bakuli la mchuzi chini, akatoka uani. Mama Émérence, yeye anayewajibu wote, alirudi kwenye maneno ya utotoni. Bibi yake mwenyewe kila mara alisema "ndugu Petelo". Hakuwahi kusema Petelo tu.

Wazee wa kanisa, walipoulizwa, walisema kwa upole kwamba hawatabariki ndoa mpaka jambo lijulikane. Papa Damas akauliza kama misioni ya zamani haikuacha vitabu vya ubatizo. Mzee Léon, aliyekuwa mkubwa wao, akacheka. "Vilikuwapo," alisema. "Muchwa walishavisoma vyote."

Basi Mama Émérence akaamua kwenda Koni, alikoishi Nkambo Delphine, ajuza aliyekulia misioni na kuwaona wale wazee wawili kwa macho yake. Asubuhi alipofika penye lori la wachuuzi wa samaki, alimkuta Tantine Clémentine ameshaketi juu ya magunia, amevaa kofia ya kanisani.

"Siendi sababu nakuchukia," Clémentine alisema. "Naenda sababu weye iko mama ya binti. Unaweza kusikia ile unapenda."

"Na weye pia unaweza kusikia ile unapenda."

"Ndiyo. Ni sababu hiyo tunaenda wawili."

Njiani hawakuzungumza sana. Lori lilizimika mara kadhaa, na kila lilipozimika Clémentine alitoa shauri kwa dereva, na kila mara Mama Émérence akajikuta anaafikiana naye. Walipofika Koni walikuwa na vumbi la rangi moja kuanzia kofia hadi viatu, na ilikuwa vigumu kutambua nani ni wa upande gani.

Nkambo Delphine alikuwa anakaanga karanga. Hakuwa na subira na watu, hasa wanaosalimia kwa muda mrefu, akawakata salamu katikati, akawapa vigoda.

"Yowani na Petelo?" alisema. "Nilibajua wote wawili. Munataka nini kwao?"

"Walikuwa ndugu?" Clémentine aliuliza.

"Ndugu, ndiyo."

Clémentine alimgeukia mwenzake, lakini ajuza alikuwa hajamaliza. Alitikisa sufuria, akauliza: "Ndugu ya tumbo ao ndugu ya meza?"

Wale wanawake wakatazamana.

"Ninyi bantu wa leo," Nkambo Delphine alisema, na sasa aliiondoa sufuria motoni kabisa. "Yowani alitoka kule jua linashukia, inchi ya Bihé. Alibeba sanduku ya misionari kwa kichwa, mwezi na mwezi, mpaka Bunkeya. Kwao jina lake ilikuwa Sapalo. Petelo, yeye, alifika Bunkeya mutoto mudogo, kamba kwa shingo. Bantu wa mufalme wa pale walimununua. Misionari akamuomba, wakamupa. Walibatizwa siku moja, mutoni. Ule siku ndiyo walianza kuitana ndugu, na hawakuacha."

Akawaeleza jinsi walivyolima mashamba jirani, wakagombana kila kiangazi kwa sababu ya mbuzi mmoja wa Petelo aliyependa mihogo ya Yowani. Jumapili moja walikuja mezani wamenuniana. Mkate ulikuwa tayari umewekwa, lakini hakuna aliyetaka kuumega mbele ya watu waliokosana, kwa hiyo kusanyiko lote likakaa likingoja. Watoto walilala. Jua likavuka paa. Mwishowe Petelo akasema: sawa, mbuzi ni mbaya. Yowani akasema: na ua wangu ni mbovu. Ndipo wakala.

Mama Émérence alicheka mpaka akafuta machozi. Clémentine hakucheka.

"Huyu Petelo wetu," aliuliza, "walimuleta toka wapi?"

"Upande wa Lomami. Karibu na Kasai."

"Kasai?"

"Karibu. Si minye nilichora mipaka."

Clémentine alikula karanga chache. Kisha akavuta pumzi, akasema kwamba habari ni nzuri ila neno la shahidi mmoja halitoshi, hata Maandiko yanataka wawili. Nkambo Delphine hakukasirika. Aliwaambia wapande Mwadingusha, wamtafute Papa Carlos, kwa sababu watu wake nao walitoka Bihé.

Mama Émérence alimjua Papa Carlos. Kwa miaka miwili alikuwa ananunua samaki kwa wakwe za mzee huyo, wake za wanawe, na kila safari alimkuta mzee mwenyewe amekaa pembeni ya vichanja vya kukaushia, akilalamika juu ya moshi. Hakuwahi kumwuliza kitu chochote zaidi ya hali yake.

Njia ya kwenda huko waliifuata kwa miguu, na hapo Clémentine akasema bila kuulizwa:

"Unamukumbuka Mama Anne, jirani yetu? Ule aliondoka na treni, wakati wale ba Kasai walifukuzwa hapa kwetu Likasi."

"Namukumbuka."

"Alipenda kuniambia: yaya, dada yangu, mapua yetu inafanana. Nilikuwa nacheka."

Mama Émérence alivunja kiazi kitamu alichokuwa nacho, akampa nusu iliyo kubwa, nao wakaendelea kupanda.

Siku hiyo wakwe za Papa Carlos walikuwa shambani, kwa hiyo mzee mwenyewe alikuwa anamhudumia mnunuzi. Aliwaashiria wangoje, akaendelea kuwapanga samaki kapuni, akiwahesabu kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuwa peke yake: "Mosi, vali, tatu, kwala..."

"Talo, epandu," Mama Émérence alisema.

Maneno yalimtoka yenyewe. Papa Carlos alibaki na samaki mkononi.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Tulikuwa tunasema wakati ya kutwanga. Ni muchezo."

"Si muchezo, mama. Ni kuhesabu. Ni luga ya Bihé." Alimweka samaki chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Baba ya bibi yako ni nani?"

"Yowani. Juzi sikujua jina ingine. Leo wameniambia ni Sapalo."

Mzee akaketi. Alisema kwamba babu yake mwenyewe alikuwa mdogo wake Sapalo, baba mmoja na mama mmoja. Walitoka pamoja, Sapalo akibeba sanduku na mdogo wake akibeba vyungu vya misionari, na aliyebeba vyungu ndiye aliyepigiwa kelele zaidi njiani. Clémentine, ambaye hakusahau kilichomleta, akaingilia kati:

"Na Petelo Kabamba, unamujua? Alikuwa mutu yenu?"

"Kabamba? Ule wa mbuzi?" Papa Carlos akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa, kana kwamba mbuzi bado yuko shambani. "Hapana. Nkambo yangu alikufa na kile kinyongo. Alikuwa anasema: Sapalo anaacha ndugu ya tumbo yake na njaa, anapelekea Kabamba unga."

Clémentine alivua kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. "Bon," alisema. "Wawili wanatosha. Hawa batoto waoane."

Mama Émérence alitaka kufurahi kwa ajili ya Sephora tu, lakini kulikuwa na furaha nyingine iliyotangulia. Maisha yake yote aliambiwa kwamba wao ni watu wa udongo huu, walioota hapa kama miti ya misuku. Kumbe walikuja kwa miguu, na mzigo kichwani. Akamtazama yule mzee aliyemkuta miaka miwili akilalamika juu ya moshi, akaona masikio ya bibi yake yamekaa pande mbili za kichwa chake, na akashangaa jinsi alivyokuwa hayaoni.

"Miaka miwili," Papa Carlos naye alisema, "unasumbua wakwe zangu juu ya bei ya samaki, kumbe ni mutoto yetu. Sasa nitakukatalia bei namna gani?"

Wazee wa kanisa walipoelezwa, walikubali, na ndoa ikafungwa mwezi wa nane, wakati wa baridi na vumbi. Kutoka Mwadingusha lilifika lori zima la jamaa ambao hakuna aliyewahesabu wakati wa kupanga vyungu: Papa Carlos, wakwe, wajukuu, na wajukuu wa jirani waliosema nao ni wa Bihé. Papa Damas alizunguka mtaa mzima akiazima sufuria, hata kwa Wakatoliki, nao walimpa wakicheka. Walipoketi, Tantine Clémentine alisimama bila kuombwa, akasimulia safari ya Petelo kutoka Lomami na safari ya Sapalo kutoka machweo, akaongeza milima michache ambayo Mama Émérence hakuikumbuka, na simba. Hakuna aliyemsahihisha.

Mwezi uliofuata Clémentine alitafuta mtu anayesafiri kwenda Mwene-Ditu, upande wa Kasai, akampa kitenge ampelekee Mama Anne, na salamu za mdomo zilizokuwa ndefu kuliko kawaida. Jibu lilifika mvua zilipoanza, kwa kinywa cha mfanyakazi wa reli. Mama Anne yuko salama, anauza mawese, amepata mjukuu, na anataka kujua Clémentine atakuja lini kumwona huyo mtoto.

Clémentine alikwenda moja kwa moja kwa Mama Émérence, akamkuta anageuza samaki juani, akamwuliza kama treni za siku hizi zinapandika.