Bogenvilia ya Ajwang

"Apiyo atapigwa picha za harusi kwangu, chini ya maua yangu. Asiyependa ajifunge leso machoni!"

Ajwang, muuza samaki wa Dunga, aliyasema haya mbele ya chama kizima cha akina mama, macho yakiwa kwa jirani yake Agneta. Apiyo ni mtoto wa dada yake Ajwang. Harusi ilikuwa Januari, wakati nyasi za Kisumu zina rangi ya biskuti na kitu pekee chenye moyo wa kuchanua ni bogenvilia.

Majirani hao wawili walikuwa nayo, vijiti vilivyokatwa tawi moja. Ya Agneta ilipotoa maua ya kwanza, Ajwang hakula chakula cha jioni. Alikula wivu, na wivu haushibishi.

Sasa, mfereji wa maji wa ploti uko upande wa Ajwang, na ufunguo hulala ndani ya sidiria yake. Agneta akaja na mtungi, akamwita Ajwang kwa jina la kwao, binti wa Asembo.

"Nyar Asembo, nisaidie maji kidogo ya maua."

"Maji ni ya watu, mama. Maua yako si watu."

"Na yako?"

"Yangu ni familia."

Agneta akarudi na mtungi mtupu. Ajwang akaanza kuimwagia yake maji ya kuoshea samaki kila jioni, yale mazito yenye magamba. Paka wa mtaa wakahamia kwake. Kichaka kikanenepa kama mbunge wa muhula wa pili, majani matupu. Ng'ambo ya uzio, kile cha Agneta chenye kiu kikawaka rangi ya waridi juu hadi chini. Bogenvilia ndivyo ilivyo: ukiishibisha inalala, ukiinyima inajipamba. Mtaa mzima ulijua. Lakini nani angemwambia Ajwang, na raha yote ile?

"Huyu Agneta ameleta dawa kutoka kwao Port Victoria," alinung'unika.

Siku ya harusi Apiyo alishuka garini, akatazama huku, akatazama kule.

"Mama, yako imenona, lakini nitaonekana kama nimeolewa kwa shamba la sukumawiki."

Akavuka na bwana harusi wake na mpiga picha hadi kwa Agneta. Ajwang alibaki langoni na gauni jipya.

"Nyar Asembo, si uje uingie kwa picha!" Agneta akaita.

"Niache. Niko na kazi."

Jumatatu alionekana soko la Kibuye, akichagua, akirudisha, akichagua tena. Leo kichaka chake kimefungwa waya kila tawi, kinachanua mvua na jua. Shada moja la maua ya plastiki ni shilingi mia mbili hamsini.