Nilikuwa natafuta software ya kurekodi mix nyumbani, ikaishia kwa masikio ya mzee wangu

Wakuu, niaje. Hii sijasimuliwa na mtu, imenipata mwenyewe, na hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Mwenye kubisha abishe, lakini asome kwanza hadi mwisho.

Mimi ni DJ wa mtaa. Naishi mtaa wa Lucky Summer, chumba kimoja, deki ndogo ya kuchanganyia nyimbo ya kuchomeka kwa laptop, na majirani ambao Mungu atawalipa. Harusi ndogo, birthday, ruracio za kupeleka mahari, kote napiga.

Wazazi wangu wako mtaa wa Ziwani. Mzee alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, na kelele za vyuma zikamharibia masikio. Si kiziwi kabisa. Ukiongea polepole mbele yake anakupata.

Muziki ndio ulimtoka. Anasema akisikiliza wimbo ni kama mtu anamwaga vijiko kwa sinia.

Na huyu ni mtu aliyempata mama yangu kwenye dansi, wakuu.

Sasa walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Tukapanga sherehe hapo nyumbani. Mzee akasema, "Fanyeni, lakini muziki msilete. Nitakaa tu hapo katikati kama mgeni kwa nyumba yangu."

Mama aliendelea kuchambua mboga. Lakini uso wake niliuona ukishuka.

Iliniuma. Mtoto wao ni DJ, halafu sherehe yao iwe kimya kama benki? Nikaamua nitatengeneza mix ya nyimbo zao za ujana, na lazima imfikie mzee.

Kazi zangu zote ni za live, kurekodi sikuwa najua. Nikaanza kutafuta software. (Majina sitaji, moderator asije akanifungia kwa kosa la matangazo.)

Ya kwanza ilikuwa ya kuchezea nyimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni. Tamu ajabu, beat inajipanga yenyewe. Nikapiga set nzima nimefumba macho kwa raha, kuja kuangalia, hakuna faili. Kumbe nyimbo za streaming haikubali kuzirekodi, na walikuwa wameandika hapo juu kabisa. Mimi na kusoma maagizo hatujawahi kupatana.

Ya pili ilikuwa ya studio, ile ya mabingwa. Vitufe vingi mpaka unaogopa kugusa. Feni ya laptop ikavuma hadi jirani akauliza kama nimefungua posho mill ya kusaga mahindi.

Nikampigia Kevo, rafiki yangu, DJ wa Shauri Moyo. Akacheka kwanza.

"Buda, si wewe unataka tu kukata na kuunga nyimbo? Chukua ile ya free, ya mawimbi. Hizo zingine ni za kuringa."

Nikaichukua. Haina urembo wowote, lakini unauona wimbo wote umelala kwenye skrini kama mawimbi, unakata unapotaka. Nikarekodi upya kwa nyimbo nilizokuwa nazo kwa laptop.

Sasa sikizeni ujinga wa sisi ma-DJ wa Eastlands. Huku kwetu taa za mixer zisipofika red, sauti ikiwa juu kabisa, watu wanasema umekuja kulala. Na nilijiambia, mzee ana masikio mazito, dawa ni sauti. Nikasukuma kila kitu red.

Jumapili baada ya kanisa nikafika Ziwani, nikamvisha headphones. Hakumaliza hata wimbo mmoja. Alizing'oa.

"Unanipiga!" akasema, ameshika masikio. Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Pole, Baba Nafula." Nafula ni dada yangu mkubwa.

Mzee akapumua, akaniangalia. "Kijana, shida yangu si udogo wa sauti. Ni chafu. Punguza."

Nilipotazama skrini nikaona aibu yangu: mawimbi yote yalikuwa yamekatwa vichwa, bapa kama matofali. Sauti ikirekodiwa ikiwa imepita kiasi hivyo, hairudi. Nikachomoa deki kwa begi, nikarekodi tena hapo mezani, safari hii chini kabisa.

Kisha nikafungua EQ, pale unapopandisha na kushusha sauti nyembamba na nzito moja moja. Nikamvisha headphones tena, nikawa nashusha kidogo, nauliza, "Hapa inauma?" Anatikisa kichwa. "Na hapa?" Anainua kidole, inauma. Zile nyembamba kali nikazitoa karibu zote, za katikati nikaziinua taratibu.

Ghafla akanishika mkono.

"Acha hapo. Rudisha."

Nikarudisha.

"Kuna gitaa ingine hapo nyuma."

Wakuu, wimbo huo nimeupiga kwa sherehe sijui ngapi. Gitaa hilo la pili sikuwahi kulisikia mimi, mwenye masikio mazima. Nikazivaa headphones mwenyewe, na kweli lilikuwepo, siwadanganyi.

Akamvisha mama headphones juu ya kitambaa cha kichwa. Mama akasikiliza, mikono ina sabuni.

"Imekuwa hapo siku zote, Baba Nafula," akasema.

Siku ya sherehe nikaweka spika moja tu, karibu na kiti cha mzee, sauti ya chini. Binamu zangu wakaanza. "DJ, ongeza! Kwani hii ni matanga?" Wengine wakaendelea na stori zao, nyumba ikajaa kelele.

Mzee akasimama. Nilidhani anaenda kulala.

Akainua mkono. "Hebu nyamazeni kidogo," akasema. "Kwani nyinyi hamsikii?"

Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akaacha sahani, akaenda kusimama kando yake, na wakacheza polepole.

Nilichojifunza: software nzuri ni ile inayomfaa yule utakayemchezea. Na mzazi akilalamika masikio, mpelekeni kliniki pia, EQ si daktari.

Sasa semeni nanyi, mnarekodi na nini nyumbani? Na kama kuna anayejua kutoa mkwaruzo wa kanda za zamani anisaidie, maana mzee ameshaniletea katoni nzima na kila asubuhi ananitumia meseji kuuliza nimefika wapi.