Mafungu Ishirini ya Likirimba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli ya Wazungu pale Uvira, jeran, yaani msimamizi wa nyumba, alinipa shati jeupe na kunikataza mambo mawili: kukohoa karibu na meza ya karata, na kutazama karata za mtu. La kukohoa nilitii. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa Makobola aliyejua kusoma, basi nikajiona mkubwa kupita kiasi.

Jumamosi mchana wakubwa walicheza poka. Kazi yangu ilikuwa kuleta bia na kuhesabu jeto, vile vidude vya duara vinavyowekwa mezani badala ya fedha. Bwana wa posta alicheza vizuri kuliko wote, na nilimwona akifilisika mara tatu. Asiyefilisika alikuwa mnunuzi wa pamba, Mgiriki mnene aliyekuja na vumbi la bonde la Ruzizi. Siku moja nikamwuliza siri yake.

"Weye iko naangalia karata," aliniambia. "Angalia mufuko. Minye nagawaka mufuko mafungu makumi mbili, mezani naleta moja tu. Ikiisha, narudi ku nyumba."

Akanieleza kwamba hata fundi hupatwa na siku mbaya zinazofuatana, na mfuko mdogo hufa kabla siku nzuri hazijarudi. Niliyashika kama katekisimu.

Sisi wafanyakazi nasi tulicheza, Jumapili baada ya misa, nyuma ya maghala ya bandari ya Kalundu. Tulikuwa pia na likirimba: watu kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa mchango na mmoja anachukua yote. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mpishi mkuu. Nilimwomba aniachie, kwa sababu mdogo wangu Yosefu alivua kwa wavu wa kuazima, na nusu ya samaki ilikwenda kwa mwenye wavu.

"Kamata," alisema mpishi. "Lakini ni ya wavu, eh? Wenzetu nitawaambia ni ya wavu."

Sikuwahi kushika fedha nyingi namna ile. Nikafikiri, nikizicheza kwa akili miezi miwili, Yosefu atapata na mtumbwi. Nikazigawa mafungu ishirini, nikajisifu kwa nidhamu yangu. Nilikuwa mpumbavu. Katika yale ishirini, yangu yalikuwa mawili tu. Kumi na nane yalikuwa deni kwa watu tisa. Tena nilianza kula mshahara kibwana, na mchango wa kila mwezi nikauchota katika yale mafungu, hivyo mfuko ulipungua hata nilipokuwa nikishinda. Yalipobaki mafungu manne, niliyaweka yote juu ya wafalme watatu. Karani wa bandari akafunua kopa tano, akazoa zote.

Jeran alipata habari. "Mcheza karata hawezi kuhesabu jeto zangu," akasema, akanivua shati.

Mtu wa likirimba akianguka, ndugu zake ndio wanaoulizwa. Wenzangu tisa walikwenda Makobola bila kelele, wakaketi uani kwa mama. Yosefu aliwapa maji, akawasikiliza. Wiki ile ile alitia kidole gumba kwa mwandikishaji wa migodi ya kusini, mkataba, yaani kontra, ya miaka mitatu, na avansi, yaani mshahara unaotangulia kazi, yote ikaenda kwa wale tisa.

"Yaya, kaka yangu, usilie," aliniambia kabla ya kupanda meli. "Miaka tatu ni kidogo. Weye uangalie mama."

Baadaye nilifanya kazi kiwanda cha pamba, kisha ghala la bandari, hadi nikastaafu. Vijana wanaocheza huniuliza walete mezani fungu gani. Nawaambia waulize kwanza fedha hizo ni za nani, na wakianguka ni nani atakayelipa. Wanacheka.

Barua ya mgodini ilifika mwaka wa pili wa kontra ile. Niliisoma mimi, kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine aliyejua kusoma. Ilisema udongo ulimfunika Yosefu na wenzake wawili.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Ameongeza kontra," nikasema.

Kila msimu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliniuliza inaisha lini, nami nikamtajia mwaka mwingine, mpaka akafa.