Nilivyomsingizia Baba Panga

Habari ya kuokoka kwangu naiandika kwa shida. Si kwamba nimesahau. Nimeisimulia vibaya mbele za watu mara nyingi, na sasa hata nikishika kalamu peke yangu ile ya uongo ndiyo inayokuja kwanza, imenyooka, haina kigugumizi. Ile ya kweli lazima niivute.

Basi nianze na ya kweli. Baba yangu ni Mwislamu, mkulima wa Chanika, Handeni. Nilikwenda nyumbani kumwambia kwamba kule kwenye mkonge nimemaliza mafundisho ya ubatizo na siku imeshapangwa. Alikaa siku mbili bila kusema nami. Nisimpunguzie wala nisimwongezee: aliumia. Siku ya tatu asubuhi, nilipofunga mzigo wangu kurudi Korogwe, alichukua panga akatangulia mbele. Mvua zilikuwa zimeotesha majani, njia ya mkato imezibika. Alinifyekea mpaka barabarani. Pale akasema, "Mimi sijaridhika. Ila njaa ikikushika huko, nyumbani unakujua." Akageuka akaenda zake. Ndiyo yote.

Sasa ya uongo. Kambini kwetu, upande wa Ngombezi, wenzetu wa uamsho walikuwa wakikutana kila Jumapili alasiri. Mtu husimama akaeleza alivyokuwa zamani na alivyo sasa. Jirani yangu wa mstari wa kukata mkonge alisema alikuwa mwizi na mlevi, alimvunja mtu jino sokoni, na watu wakalia kwa furaha. Mimi nilikuwa na nini? Sikuwahi kuiba. Pombe ilikuwa inanitapisha. Nikasimama, nikasema nimeokoka, namshukuru Mungu, nikataka kukaa.

Mwalimu wetu wa dini akanizuia. "Ngoja, ndugu. Baba yako alikubali ubatizo wako?"

"Hakufurahi."

"Siku uliyoondoka alifanya nini?"

"Alichukua panga."

"Yesu!" wakapaza sauti. Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga.

Maneno "afyeke majani" nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Mwalimu hakunituma kusema uongo, na sitaki mtu afikiri hivyo; aliuliza tu. Ukimya ulikuwa wangu. Na Jumapili zilizofuata sikunyamaza tena, niliongeza. Nikasema alinikimbiza. Nikasema nilivuka mto huku ananitupia matusi, na pale hapana mto. Wakaanza kunipeleka kambi nyingine, hata Kilole, nikaseme. Nilijua ni vibaya, lakini niseme kweli: nilikuwa naona raha kusikilizwa.

Halafu akaja muuza tumbaku, mtu wa kwetu Chanika, anayepita makambini na mzigo wake. Aliniona akaanza kucheka.

"Mtoto wa Mzee Panga!"

"Nani?"

"Baba yako. Hadithi yako ya panga imefika mpaka kwetu, siku hizi ndilo jina. Akifika msikitini wanamwambia, mzee, viatu na panga acha mlangoni." Kisha akaacha kucheka. "Mwenyewe hacheki, lakini. Ameacha hata kukaa barazani. Ameniambia nikikuona nikwambie hivi: usije kumwomba radhi yeye, yeye anajua alichofanya. Kaseme kulekule uliposemea."

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia yote, na majani, na mto usiokuwepo.

"Watu wameokoka kwa ushuhuda ule," akasema. "Ukiufuta, hao utawapeleka wapi?"

"Lakini mwalimu, baba yangu anachekwa."

"Baba yako hajamjua Bwana. Angalia shetani asikushike kwa huruma."

Mtu huyu ndiye aliyenibeba kwa baiskeli yake mpaka hospitali nilipougua homa, akalala sakafuni karibu nami. Kwa hiyo siwezi kumwita mbaya. Lakini nilitoka pale nimeuma meno, nataka kupiga teke kitu, na hapakuwa na cha kupiga.

Jumapili nikasimama bila kuitwa. "Ndugu zangu, mimi niliwadanganya..."

"Bwana asifiwe!" akaitikia mmoja, mwingine akaanzisha wimbo, makofi yakafuata. Walidhani naungama dhambi kama kawaida. Nilisimama mdomo wazi mpaka beti zikaisha, na zilipoisha alikuwa amekwisha kusimama mwingine. Baadaye wakanishika mikono. "Umenyenyekea sana, ndugu."

"Hamkunisikia!"

"Tumekusikia, ndugu. Tumekusikia."

Wiki mbili mbele ulikuwa mkutano wa Kilole na jina langu lilikuwa limepangwa. Nikamtafuta muuza tumbaku, nikamwomba aje asikie. "Mimi Mwislamu," akasema, "nikae wapi?" Nikamwambia mlangoni panatosha.

Safari hii nilianza kwa kuwaomba wasiimbe mpaka nimalize. Nikasema kila kitu. Baba hakunikimbiza. Alinifyekea njia, akaniambia nikiona njaa nirudi. Mimi ndiye niliyemfanya muuaji ili mnililie. Nilitazamia watanizomea, au watalia, au lolote.

Hakuna aliyelia. Mtu alikohoa. Bibi mmoja wa mbele, ambaye mara ya kwanza alinishika mkono kwa machozi, akaniuliza kwa upole tu, kama mtu aliyepotewa na kitu:

"Sasa mwanangu, kama baba yako ni mwema hivyo, wewe uliokolewa kutoka wapi?"

Wengine wakacheka. Nikasema, "Sijui, bibi, naomba nifikiri." Kufikiri kwenyewe bado. Mwalimu akamwita anayefuata.

Muuza tumbaku alipeleka habari. Aliporudi akaniambia baba aliuliza swali moja tu: "Alisema mbele za watu?" Akajibiwa ndiyo. Akasema, "Haya," na siku ya pili akatoka akakaa barazani. Jina halijafutika, bado wanamwita Mzee Panga. Lakini amekaa.

Mimi huku sijaitwa tena mahali popote. Nilimwuliza mwalimu kama amenikasirikia. Alikataa, na namwamini, si mtu wa kinyongo. Aliniwekea mkono begani.

"Pumzika kwanza, ndugu," akasema, "mpaka Bwana akupe ushuhuda mwingine."

Nikamwambia sina mwingine. Ni huo huo.